Gereji Bubu

Februari 2013 serikali ya Tanzania ilitangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka uliotangulia, na nchi ikapigwa butwaa. Watahiniwa zaidi ya 240,000, yaani 60 katika kila 100, walikuwa wamepata divisheni sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, wabunge wakarushiana maneno, na miezi michache baadaye matokeo yakafutwa na kupangwa upya kwa viwango vingine. Hata baada ya kupangwa upya, waliofaulu hawakufika nusu.

Mjadala ule ulihusu walimu, maabara, vitabu, mitaala na nani ajiuzulu. Swali moja halikupata msemaji: vijana hawa wote, kesho asubuhi wanaamkia wapi?

Hawakuyeyuka. Leo wengi wao wamegonga miaka thelathini au wameivuka. Ukipeleka gari Tabata likabadilishwe brekipedi, ukiagiza geti la chuma Mbezi, ukimwita fundi bomba aje azibue sinki, uwezekano ni mkubwa kwamba anayekuhudumia ni mmoja wa wale waliosomwa redioni kama takwimu ya aibu. Ana kazi, ana wateja, na pengine ana vijana watatu anaowafundisha. Kazi hiyo alifundishwa na mtu, kwa utaratibu, kwa miaka kadhaa, na hakuna karatasi hata moja serikalini inayoonyesha kwamba jambo hilo lilitokea.

Vitabu vingi kuhusu elimu mbadala huanza kwa kutafuta njia mpya. Mimi naanza na ya zamani ambayo tayari inabeba watu wengi kuliko vyuo vyote vya ufundi tulivyojenga, na ambayo tumeizoea kiasi kwamba hatuioni.

Gereji bubu ni ile isiyo na bango, isiyo na leseni, mara nyingi isiyo hata na paa. Ina mwarobaini, ina tairi chakavu za kukalia, ina magari mawili matatu yaliyopandishwa juu ya mawe, na ina mafundi. Halmashauri huifukuza kando ya barabara, nayo huhamia mtaa wa pili. Wenye magari huilalamikia kwa wizi wa spea na ahadi za njoo kesho, kisha huirudia, kwa sababu bei za gereji yenye vigae hawaziwezi.

Kijana huletwa hapo na mjomba, au na mama aliyechoka kumwona kijiweni, au hujileta mwenyewe. Hakuna fomu ya kujiunga. Anaanza kwa kushika tochi. Anaosha spea kwa petroli kwenye dishi lililokatwa. Anatumwa spana: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba, akileta siyo anatukanwa, na baada ya wiki chache halipotei tena jicho lake. Anajaza upepo, anafungua tairi, anamwaga oili. Baadaye anaachiwa brekipedi za mbele, fundi akiwa amesimama nyuma yake. Miezi ikipita anashusha shokapu, anasaidia kuteremsha gia boksi. Injini ni ya mwisho. Hakuna fundi mwenye akili anayemkabidhi mwanagenzi silinda hedi ya mteja katika mwaka wake wa kwanza.

Mtu aliyezoea darasa ataona hapa utumwa wa kuosha vyuma. Kwa sehemu hajakosea, na hilo nitalifikia. Lakini kuna mpangilio ndani yake, na mpangilio huo umechunguzwa na wasomi makini. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia wa Marekani, Jean Lave, alikaa na mafundi cherehani wa Monrovia, Liberia, akitazama jinsi wanavyofundisha vijana wao. Aligundua kwamba mafunzo yalikwenda kinyumenyume. Nguo hutengenezwa kwa kukata, kisha kushona, kisha kumalizia. Mwanagenzi alianza na kumalizia: vifungo, pindo la mkono, pasi. Halafu akaingia kwenye kushona. Mkasi alipewa mwisho. Hata nguo zenyewe zilikuwa na ngazi, kuanzia kofia na chupi za watoto mpaka suti.

Sababu yake ni ya busara kabisa. Kifungo kilichowekwa vibaya hufumuliwa, kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara ya bosi. Na kijana anayeanza na kumalizia anaishika nguo nzima mikononi kila siku. Anajua kola inapokaa, anajua bega linapovuta, kabla hajaambiwa akate. Siku akipewa mkasi anajua anakokwenda. Shule yetu hufanya kinyume chake. Inamwanzisha mtoto na vipande visivyo na mwili, kanuni ya leo, fomula ya kesho, na kumwahidi kwamba nguo ataiona akifika chuo kikuu. Wengi hawafiki. Lave aliandika matokeo ya kazi hiyo pamoja na Etienne Wenger katika kitabu cha mwaka 1991, na tangu hapo vyuo vya ualimu duniani vinakinukuu. Fundi aliyewahi kukaa barazani Tanga au Mombasa na cherehani yake angeshangaa kwamba jambo hili lilihitaji kitabu.

Ushahidi mwingine unatoka Recife, Brazili, na unahusu nazi, kwa hiyo sisi watu wa pwani hatuna udhuru wa kutouelewa. Watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha mwaka 1985 utafiti juu ya watoto watano wa umri wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakifanya biashara mitaani na sokoni. Waliwaendea kama wateja wa kawaida: nazi moja kiasi gani, na nne je, nikikupa noti hii utanirudishia ngapi? Watoto walipata hesabu 98 katika kila 100. Baadaye walipewa hesabu zilezile, safari hii karatasini na penseli mkononi, kama za shule. Wakapata 37 katika kila 100.

Mmoja aliulizwa sokoni bei ya nazi nne, kila moja cruzeiro 35. Akajumlisha kichwani, akafika 140. Karatasini aliandikiwa 35 mara 4. Akafuata njia aliyofundishwa: nne mara tano ishirini, andika sifuri, weka mbili, akajumlisha ile mbili na tatu kabla ya kuzidisha, akapata 200. Hakushtuka. Kama mtu angemwambia sokoni kwamba nazi nne ni 200, angecheka. Ndani ya hesabu ya shule hakukuwa na nazi, hakukuwa na hela, kulikuwa na sheria za kukumbuka, naye alizikumbuka vibaya.

Wapo wanaosoma habari hii na kukimbilia kusema shule haina maana. Hapo mimi siwafuati. Mtoto yule anayepata 140 kichwani atakwama siku akiletewa nazi 4,700 za bei tofauti, au mkopo wenye riba ya asilimia 3 kwa mwezi, au mkataba wa kurasa sita. Maandishi na hesabu za karatasini zilibuniwa kwa sababu kichwa na mdomo vina mwisho wake. Ujuzi wa mtaani ni hodari pale ulipozaliwa na huwa dhaifu unapohamishwa. Nimesikia mafundi wanaoitambua beringi mbovu kwa mlio tu, gari likiwa bado halijasimama, wakishindwa kabisa na taa ya njano ya dashibodi, kwa sababu taa ile inasomwa kwa kompyuta na maelezo yake yanahitaji mtu anayejua kusoma na kuuliza. Magari ya haibridi yanayoletwa kutoka Japani yana betri ya umeme mkali wa kuua mtu. Kujifunza kwa kujaribu na kukosea kunafaa kwenye kabureta. Kwenye nyaya zile za rangi ya chungwa kosa la kwanza laweza kuwa la mwisho.

Na gereji bubu ina maovu yake ambayo wanaoisifia kwa mbali huyaruka. Wachomeleaji wengi wanavaa miwani ya jua ya kawaida badala ya kioo cha kuchomelea, na usiku macho yanawawasha kama yametiwa mchanga. Hakuna bima. Muda wa mafunzo hauna mwisho unaojulikana: fundi akiona kijana ameiva na kazi inakwenda, hana haraka ya kumtangaza kuwa fundi, maana atampoteza au itambidi amlipe. Kwa hiyo anampa hela ya kula na kumfichia jambo moja la mwisho. Kila fani ina siri yake ya aina hiyo, iwe kuweka taimingi, kuchanganya rangi ya gari au kukata kola. Na wasichana? Wapo wachache wanaoshika spana, na nawavulia kofia, lakini kwa sehemu kubwa mlango huu umefunguliwa kwa wavulana. Wasichana hupelekwa saluni na kwenye cherehani, ambako malipo huwa madogo na ushindani ni mkubwa zaidi.

Haya yote yanarekebishika. Swali ni kwa nini hatujayarekebisha, ilhali kila serikali iliyopita, ya kikoloni na ya uhuru, ilitamka kwamba shule ifundishe kazi.

Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika Mashariki. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika mmoja, James Aggrey kutoka Gold Coast. Mapendekezo yao yalifuata mfano wa shule za watu weusi za Hampton na Tuskegee kule kusini mwa Marekani: Mwafrika afundishwe kilimo, afya, useremala, maisha ya kijijini kwake. Kwa maneno matupu, mpango ulikuwa na mantiki. Wazazi waliukataa. Waliona nani anakaa ofisini, nani analipwa mshahara, nani anaweza kumwandikia Bwana Shauri, ofisa wa mkoloni, barua ya kudai ardhi yake, wakajua kwamba elimu inayotoa watu wa aina hiyo ni ya kalamu na Kiingereza. Wakikuyu walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 walianza kujenga shule zao huru, kwa michango yao, wapate kile walichonyimwa.

Miaka kama 40 baadaye, mwaka 1965, mwanasosholojia Philip Foster aliandika makala kutokana na utafiti wake Ghana akiwatetea wazazi wa namna hii. Serikali na wahisani, alieleza, wanadhani vijana wanakimbia ufundi kwa sababu shule imewajaza dharau ya kazi za mikono. Ukweli ni kwamba vijana wanapiga hesabu. Ajira nzuri ziko upande wa vyeti vya kitaaluma, kwa hiyo shule ya kitaaluma ndiyo shule yao ya kazi. Ukitaka wabadili njia, badili mishahara na vyeo kwanza. Mtaala utafuata wenyewe. Sijaona mtu aliyeivunja hoja hiyo hadi leo.

Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alichapisha Elimu ya Kujitegemea. Ni waraka ambao bado unasomeka vizuri kuliko nyaraka nyingi za wizara zilizofuata. Alieleza kwamba asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi ndio wangepata nafasi ya sekondari, na bado masomo yote ya msingi yalipangwa kwa ajili ya hao 13, wale 87 wakifundishwa kujiona wameshindwa. Akataka shule ya msingi iwe elimu kamili, kila shule iwe na shamba au karakana, mtihani upunguziwe ukubwa, na watoto washiriki kuamua mambo ya shamba lao.

Kilichotokea wengi wa umri wangu tunakijua kwa viganja. Shamba lilikuja. Uamuzi wa watoto haukuja. Tulilima shamba la shule, na mara nyingine la mwalimu, na mavuno hatukujua yalikoishia. Jembe likawa adhabu ya waliochelewa namba. Mtihani ulibaki palepale na ukubwa wake wote, na mlango wa sekondari ukazidi kuwa mwembamba. Mtoto mwenye akili aliielewa hali hiyo mapema: anayetaka kuliepuka jembe asome, asiyesoma jembe linamsubiri. Waraka ulioandikwa kuondoa dharau ya kazi ulitekelezwa kwa namna iliyoikuza.

Kenya ilipita njia yake. Mfumo wa 8-4-4 ulioanza Januari 1985 uliingiza useremala, sayansi kimu, kilimo na masomo mengine ya vitendo. Wazazi walijenga karakana kwa harambee. Nyingi zilibaki majengo tu, kwa kuwa randa, misumeno na walimu wa fani vilihitaji fedha ambazo hazikuja, na mtoto akajifunza useremala kwa kukariri majina ya vifaa kitabuni. Kufikia miaka ya 2000 masomo mengi ya aina hiyo yalikuwa yamepunguzwa. Ilhali Kamukunji, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya Nairobi, watu wa jua kali waliendelea kugonga mabati kutwa kucha, wakitengeneza majiko, masanduku na mikokoteni, na kufunza vijana bila silabasi yoyote.

Ninachokiona katika majaribio haya yote ni kosa moja. Njia ya ufundi hujengwa kama njia ya kutokea. Anayeiingia amekwisha kuambiwa kwamba ameshindwa mahali pengine, na akishaingia hakuna anayemwonyesha jinsi ya kupanda wala kurudi. Mzazi anayemkatalia mwanawe kwenda huko hakosei hesabu. Anakataa kumpeleka mtoto kwenye chumba chenye mlango mmoja.

Wajerumani walilielewa hilo. Kwa sheria yao ya mwaka 1969, kijana huandikiwa mkataba na kampuni, hulipwa posho kila mwezi, hukaa siku nyingi kazini na chache chuoni, na baada ya miaka miwili hadi mitatu na nusu hutahiniwa na chemba za biashara na ufundi, si na bosi wake. Mwisho wa mafunzo unajulikana siku ya kwanza. Na tangu 2009, fundi aliyefikia daraja la juu kabisa, wanaloliita Meister, anaweza kuomba chuo kikuu bila kurudi sekondari. Siwatolei Wajerumani mfano ili tuwaige. Viwanda vyao hatuna. Nataka tu msomaji aone ile ngazi inayopanda.

Sisi tuna vipande vya ngazi. Tuna VETA, iliyoundwa kwa sheria ya 1994. Tuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, 54 kwa sasa, vilivyoanza mwaka 1975 kwa mfano wa vyuo vya wananchi wa Skandinavia na kwa msaada wa Sweden. Vyuo hivi vinaweza kumpokea mtu wa umri wowote, na kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho vimewapokea wasichana waliokatisha masomo, wengi wakiwa mama. Mama anasoma sekondari na ufundi kwa pamoja, mtoto yuko kwenye kituo cha malezi palepale chuoni. Nikiulizwa ni wapi nchini Tanzania elimu inafanana zaidi na maisha ya watu inaowahudumia, nitavitaja vyuo hivi kabla ya chuo kikuu chochote. Vilikuwa vinawapa mama nafasi hata kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotoa waraka wa kuwaruhusu warudi kwenye shule za kawaida.

Tuna pia kitu kinachoitwa urasimishaji wa ujuzi, na hapa ndipo ningetaka msomaji akae kidogo. Fundi aliyejifunza mtaani hujiandikisha VETA. Wakaguzi humhoji na kumpima kwa vitendo: haya, fungua, funga, eleza kwa nini umeanza na hii. Anachokijua hakirudii. Anachokosa, mara nyingi usalama kazini, kusoma michoro, hesabu za gharama, hufundishwa kwa muda mfupi. Akifaulu anapewa cheti cha kiwango alichofikia. Utaratibu huu ulianza na fani chache, na umekuwa ukipanuka. Gharama yake ni ndogo kuliko kujenga karakana mpya, kwa kuwa karakana ipo, mwalimu yupo, mwanafunzi alishasoma. Linalobaki ni kupima.

Hebu fikiri jambo hili lingefanya nini likifika kwa fundi mkuu mwenyewe. Fundi aliyepimwa na kuthibitishwa angeweza kusajiliwa kama mkufunzi, vijana wake wakaandikwa majina siku wanapoanza, na baada ya miaka mitatu wakapimwa na mtu mwingine. Siri ya mwisho isingefaa kufichwa tena, maana mpimaji angeiuliza. Kioo cha kuchomelea kingekuwa sharti la usajili. Karibu kila ovu la gereji nililolitaja hapo juu, isipokuwa lile la wasichana ambalo linahitaji mkono wa ziada, linaguswa na hatua hiyo moja.

Fedha? Waajiri wa Tanzania Bara wenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Tozo hiyo ilianzishwa kwa ajili ya ufundi stadi. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyoingia kwenye mfuko wa ufundi stadi, na theluthi mbili zikaenda kwingine, mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu ikiwa sehemu kubwa. Sina ugomvi na mikopo. Mtoto wa maskini anaihitaji. Lakini inabidi tukubali kwamba fedha iliyokatwa kwa jina la fundi ilimsomesha mwanasheria.

Sasa kuna sera nyingine. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limegawa sekondari katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali, na utekelezaji ulianza Januari 2024 katika shule teule. Kwa sera hiyo elimu ya lazima ni miaka 10. Kenya nayo, kwa mtaala wa umilisi ulioanza 2017, imewafikisha wanafunzi mahali pa kuchagua mkondo wanapoingia sekondari ya juu. Nawatakia heri, na natazama mambo mawili tu ili kujua kama tutatoka tofauti na 1967 au 1985. La kwanza ni nani anayepelekwa mkondo wa amali. Siku tutakapomwona mtoto wa mkurugenzi huko, kwa hiari yake na ya wazazi wake, mambo yatakuwa yamebadilika. Tukiona kwamba ni watoto wa shule za kata peke yao, tutajua tumerudi kwenye chumba chenye mlango mmoja. La pili ni lugha. Kijana wa gereji hufundishwa kwa Kiswahili chenye majina ya Kiingereza yaliyokwisha kuzoeleka: rejeta, pistoni, gasketi, plagi. Anaelewa. Kumfundisha kazi ileile kwa sentensi nzima za Kiingereza ambazo hata mwalimu anazipata kwa shida ni kumwongezea mtihani wa pili juu ya ule wa ufundi, na wa pili huo ndio utakaomwangusha.

Hata hayo yakienda vizuri, hesabu ya mzazi itaamuliwa na mwajiri, na mwajiri mkubwa kuliko wote ni serikali. Waraka wa utumishi wa mwaka 2004 uliweka cheti cha kidato cha nne kuwa sharti la chini la kuajiriwa serikalini. Ulipofika uhakiki wa vyeti wa 2017, watu wenye elimu ya darasa la saba, madereva, wahudumu, walinzi, waliondolewa kazini, wakiwemo waliokuwa wamefanya kazi hiyo tangu kabla ya waraka kuwepo. Aprili 2018 serikali iliagiza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe. Walirudi. Lakini kanuni yenyewe ilibaki, na ukisoma leo tangazo la kazi ya udereva serikalini utakuta, pamoja na leseni na mafunzo ya udereva, cheti cha kidato cha nne kikiwa mstari wa mbele. Dereva wa lori aliyevuka mlima Kitonga kwa miaka 15 bila ajali hana pa kuanzia kuomba.

Ombi langu halihitaji sheria mpya. Sekretarieti ya Ajira iongeze maneno machache kwenye matangazo ya kazi za ufundi, udereva, upishi na ujenzi: cheti cha kidato cha nne, au cheti cha urasimishaji wa ujuzi katika fani husika. Vyuo vya ufundi viongeze maneno hayohayo kwenye sifa za kujiunga. Halmashauri, kabla ya kuibomoa gereji iliyo kando ya barabara, zimtume ofisa wa VETA aende na fomu. Na wewe unayesoma, kama una fundi unayemwamini, mwambie utaratibu huu upo, maana wengi hawajawahi kuusikia. Ofisi za VETA zipo mikoani, na kazi inayompasa kuonyesha huko ni ileile anayokufanyia wewe kila wiki.